Gari la familia linagonga chini: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kutengeneza

Kugonga chini ni ubovu ambao wengi wetu huutengeneza kwa kubahatisha. Gari linalia ko-ko-ko kwenye mashimo, mwenye gari anapiga simu, anaambiwa hiyo ni shokapu, ananunua shokapu mbili mpya za mbele, na kwenye shimo la kwanza sauti iko palepale. Anabadilisha boljointi, kile kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinachoshika tairi kwenye mkono wake wa chini, sauti ipo. Mwisho anaizoea, anaongeza redio. Hapo ndipo penye hatari, maana vinavyogonga chini ya gari ni vya namna mbili: vile vinavyokera masikio tu, na vile ambavyo siku vikiachia, tairi linalala ubavu katikati ya barabara na watoto wamo ndani. Kwa sikio peke yake huwezi kuvitenganisha. Kwa kupima kwa utaratibu unaweza, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo mwenye gari anaweza kuvifanya uani kwake.

Ninaandika nikiwa na magari fulani kichwani: RAV4, Harrier, Kluger, X-Trail, Forester, na Prado kwa upande wake. Ndiyo yanayobeba familia nyingi hapa Tanga. Wiki nzima yanapeleka watoto shule Chumbageni na Raskazone, Jumamosi yanapanda Amani au yanaingia njia za vumbi za mashambani upande wa Pangani, na safari ya Dar ikitokea yanapita matuta ya Muheza na Hale kwenda Segera. Ongeza chumvi ya bahari. Upepo wa hapa unakula nati na springi polepole, na raba ya boljointi ikishapasuka, vumbi na chumvi huingia pamoja na kusaga chuma kwa ndani.

Isipokuwa Prado, magari hayo yote mbele yamefungwa shokapu iliyo ndani ya springi, ikasimama juu ya tairi kama nguzo moja. Prado ina wishboni mbili, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi kwenye chesisi, ya juu na ya chini. Tofauti hiyo itatuhusu tukifika kwenye jeki.

Uliza gari maswali kwanza

Fundi mzuri akiambiwa gari inagonga hajibu kwa jina la spea. Anauliza. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Fundi, gari inagonga mbele kushoto."

"Pole mama. Inagonga ukiwa unafanya nini?"

"Nikipita kwenye shimo."

"Na kwenye tuta?"

"Tuta hapana, inapita kimya."

"Hata lile tuta pana la pale shule?"

"Hilo nalo kimya. Balaa ni vishimo vidogo, tairi moja likiingia."

Mama huyo amekwisha kusaidia nusu ya kazi. Tuta pana linainua matairi mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo chuma cha stebilaiza kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia kinazunguka tu kwenye bushi zake, yaani raba zinazokishika, hakijikunji. Shimo la upande mmoja linashusha tairi moja na kuliacha la pili juu. Hapo stebilaiza inajipinda, na linki zake ndogo mbili, vile vyuma vifupi vinavyoiunganisha na upande wa kila tairi, zinavutwa na kusukumwa kwa nguvu. Linki iliyolegea itagonga kwenye shimo na kunyamaza kwenye tuta. Hakuna spana iliyoguswa, na tayari tuna mshukiwa.

Kabla ya kwenda popote, jiulize hivi na uandike majibu kwenye simu. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, sauti ipo? Inakuja ukikanyaga breki? Ukianza kuondoka? Ukikata kona, na ni kona ya upande gani? Ukitoa gia kwenye R kwenda D? Inakuja kila tairi linapozunguka, ikienda mbio kadiri unavyokimbia, au inakuja pale tu barabara ikiwa mbovu? Unaisikia kwa masikio peke yake, au miguu na mikono kwenye usukani pia inaihisi? Asubuhi gari likiwa baridi ni sawasawa na mchana?

Majibu hayo yana thamani kuliko kipimo chochote cha mashine. Kompyuta ya gari haijui kwamba bushi imekatika, na hakuna taa ya deshibodi itakayowaka kwa ajili ya boljointi.

Ondoa vitu vyako ndani ya gari

Hatua hii watu huidharau. Fungua buti, toa kila kitu: jeki, spana ya tairi, pampu, chupa za maji, viatu vya mtoto, kreti la soda. Jeki iliyolegea kwenye kishikio chake inagonga sawasawa na shokapu mbovu ya nyuma. Hakikisha viti vya nyuma vimejifunga vizuri migongoni, na buckle za mikanda hazigongi plastiki ya mlango.

RAV4 nyingi zinabeba tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Lishike kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza lenyewe, kaza nati zake. Ukicheza mlango mzima, angalia raba za kuegemea mlango na komeo lake. Mlango huo ni mzito na raba zikiisha unapiga bodi kwa kila shimo. Prado zenye tairi la akiba chini ya gari, ingia uangalie kama mnyororo umelikaza.

Kisha kaza nati za matairi yote manne. Tairi lililofunguliwa juzi kwa ajili ya panchari na kufungwa kwa haraka hugonga, na hilo ni la hatari kubwa. Nati nyingi za Toyota hizi zinafunguliwa kwa spana namba 21, na kwa RAV4 na Harrier kipimo cha kukazia ni 103 Nm. Mwenye spana ya kupima nguvu aitumie. Asiye nayo akaze kwa mtindo wa msalaba, nati moja na inayoikabili, na asisimame juu ya spana kwa miguu.

Ni injini au ni chini?

Simamisha gari mahali tambarare, weka P, vuta handibreki, fungua boneti, mtu mwingine akanyage mafuta taratibu. Sauti ikiwepo na ikaenda mbio pamoja na injini, acha habari za shokapu. Hiyo ni injini.

Pima oili sasa hivi, kabla ya neno lolote lingine. Injini iliyopungukiwa oili na ikaanza kugonga kwa sauti nzito ya chini, do-do-do, inayozidi ukikanyaga, huenda beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zimeanza kuliwa. Zima. Usiseme utaifikisha gereji iko Makorora hapo tu. Mwendo huo mfupi unaweza kukitoboa kifua cha injini, na ulichokuwa unaweza kukiokoa kwa kufungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kubadili beringi kikawa ni kutafuta injini nyingine. Livute gari kwa kamba au kwa breakdown. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, amri ni ileile.

Kuna kugonga kwingine kwa injini, kwepesi zaidi, kama kokoto ndani ya bati, unakokusikia ukipandisha kilima na mafuta umekanyaga, tuseme unapanda Lushoto kutoka Mombo na gari limejaa. Hapo petroli inawaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Sababu ni mafuta yenye okteni ndogo, au yaliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake iko chini sana; au kaboni imejaa ndani; au injini inachemka kupita kiasi. Angalia maji ya rejeta injini ikiwa baridi, maliza mafuta hayo kwa mwendo wa upole, na ujaze kituo kingine unachokiamini. Ikiendelea, plagi na mfumo wa uchomaji vipimwe. Dizeli nayo ina mlio wake wa asili. Mwenye Prado ya dizeli aushughulikie ule tu uliobadilika.

Injini ikiwa kimya, endelea na barabara.

Mzunguko wa kupimia

Chagua njia fupi usiyohitaji kuharakisha, asubuhi mapema au Jumapili, yenye kipande cha lami safi, tuta moja, kipande cha vumbi chenye vishimo, na mahali pa kuzungushia gari. Ngamiani, mitaa ya nyuma, mambo hayo yote unayapata bila kwenda mbali. Mwenzako akae kiti cha nyuma asikilize. Zima redio na kiyoyozi.

Pita kwenye vishimo kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Mara ya kwanza yaingize matairi ya kushoto tu, kisha ya kulia tu. Mwendo mdogo ndio unaofichua. Ukikimbia, kelele ya matairi inafunika kila kitu.

Halafu tafuta ukuta mrefu, wa ghala au wa kiwanja, upite karibu yake polepole, vioo viko wazi. Ukuta unarudisha sauti ya tairi la upande ule moja kwa moja masikioni. Geuza, pita na upande wa pili. Sauti uliyokuwa unabishana nayo kama ni ya kushoto au kulia hapo inajitaja.

Rudia vile vishimo mguu ukiwa umegusa breki kidogo, kiasi cha pedi kushika diski bila kusimamisha gari. Sauti ikikatika palepale, mgongaji ni kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, au pedi zinazocheza. Usinunue kitu kingine chochote kabla ya kufungua breki.

Mwisho, kwenye uwazi, kata usukani wote upande mmoja na uzunguke duara ukikanyaga mafuta kwa upole. Mlio wa ta-ta-ta unaofuata mzunguko wa tairi ni wa sivijointi, kiungo cha ile shafti inayozungusha tairi. Angalia raba yake ya nje. Karibu kila mara utaikuta imepasuka na grisi imerukia ndani ya rimu.

Kuinua gari

Hapa sitafanya haraka, kwa sababu uhai wa mtu umo ndani yake. Usiingie hata mkono na bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi. Uani kwenye mchanga, kama zilivyo nyumba nyingi za Sahare na Mikanjuni, jeki inazama: weka ubao mpana na mnene chini yake na chini ya kila stendi. Weka kuni au jiwe kubwa nyuma ya matairi yanayobaki chini, pande zote mbili. Ukishaweka stendi, lisukume gari kwa bega uone kama limetulia, halafu usukume tairi ulilolifungua chini ya ubavu wa gari kama ulinzi wa pili. Watoto wakae ndani ya nyumba mpaka kazi iishe.

Tairi likiwa hewani

Inua matairi yote mawili ya mbele, gari likae kwenye stendi. Kwa RAV4, Harrier, Kluger, X-Trail na Forester, stendi zikae chini ya chesisi ili tairi lining'inie, kwa kuwa mzigo wa springi haupiti kwenye boljointi ya chini. Likining'inia, uchezaji unaonekana. Kwa Prado springi inakaa juu ya wishboni ya chini. Ukiliacha tairi lining'inie, springi inaibana boljointi na uchezaji unajificha. Weka jeki chini ya wishboni yenyewe, karibu na tairi, uinyanyue kidogo, stendi ikibaki chini ya chesisi, ndipo upime.

Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta kwa zamu. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Uchezaji ukiisha kwa breki, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boljointi, au mauntingi ya shokapu, ile raba inayoishika kule juu. Muombe mwenzako atazame kwa tochi ni wapi panasogea.

Shika kushoto na kulia, tikisa. Hapo unazungumza na tairodi endi na raki endi, kiungo cha nje na cha ndani cha fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye raki ya usukani. Weka vidole juu ya tairodi endi wakati mwenzako anatikisa. Ukihisi kugonga kwenye vidole, umeipata. Tairodi ikiwa imetulia lakini raba ndefu ya kwenye raki inarukaruka, ni raki endi ndani yake.

Sasa mtaimbo. Upitishe kati ya wishboni ya chini na habu, kile chuma kinachobeba tairi, ukandamize kwa upole huku ukitazama boljointi. Kisha kwenye bushi za wishboni, ya mbele na ya nyuma. Raba yenye mipasuko midogo ya juu si kesi. Raba iliyoachana na chuma, au inayotoa maji maji meusi kwa zile zenye mafuta ndani, imekwisha.

Boljointi inayocheza ndiyo ile ya namna ya pili niliyoitaja mwanzo. Gari lisitoke uani. Hakuna kusema kesho nampeleka mama hospitali kisha nitaitengeneza. Fundi aje na spea, au gari libebwe.

Linki za stebilaiza, hatua kwa hatua

Nazipa nafasi kubwa kwa sababu ndizo ninazozikuta mara nyingi kuliko kitu kingine kwenye magari haya, ni rahisi kwa bei, na mtu mwenye spana chache anaweza kuzibadilisha mwenyewe.

Usizipime tairi moja likiwa juu na jingine chini. Stebilaiza itakuwa imejipinda, imezibana linki, na uchezaji wote umejificha; ndiyo maana fundi anayeinua upande mmoja huku ana haraka hukwambia linki ni nzima. Ama matairi yote mawili yawe chini, ama yote mawili yawe hewani. Shika linki katikati, itikise kwa nguvu mbele na nyuma, juu na chini. Nzima inazunguka kwa ukinzani kama grisi nzito. Mbovu inafanya tok, na vidole vinaisikia kabla ya masikio.

Ukitaka uhakika kabla ya kutoa pesa, fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, funga chuma cha stebilaiza kwa waya kisiguse kitu, uendeshe mwendo wa taratibu kwenye vile vishimo vyako. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usitoke nalo barabara kuu. Kelele ikiisha, umekwisha kupata. Ikiwa ileile, rudisha linki na uendelee kutafuta. Hujapoteza hata shilingi.

Kuzibadili: siku moja kabla, safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya na unyunyizie dawa ya kulegeza kutu, rudia usiku. Nati hizi zimekaa kwenye chumvi miaka. Toa matairi. Kwa Toyota nyingi za aina hii nati ni namba 17, na katikati ya bolti kuna tundu la eleni, ile spana ya pembe sita, namba 6. Ingiza eleni iliyokaa vizuri, shikilia bolti isizunguke, fungua nati kwa spana ya duara. Tundu likijaa kutu lichokonoe kwanza kwa msumari mwembamba, vinginevyo eleni inakula kona na tundu linakuwa duara. Likishakuwa duara usipigane nalo. Bana shingo ya linki nyuma ya raba kwa praizi ya kufunga, au ikatwe kwa grainda, maana linki ya zamani unaitupa hata hivyo. Mwenye grainda afunike raba za sivijointi na paipu ya breki kwa kitambaa kilicholoa.

Weka linki mpya kwa mwelekeo uleule wa ile ya zamani. Badilisha zote mbili. Nati zikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Wakati uko hapo, tazama bushi mbili za stebilaiza zilizoshika chuma chake kwenye chesisi. Zikiwa zimelika hata kuonesha mwanga, linki mpya hazitamaliza kelele.

Shokapu na mauntingi yake

Shokapu mbovu ipo, sikatai. Dalili yake ya wazi ni oili iliyotiririka mwilini na kushika vumbi, na gari linaloendelea kuyumba juu na chini baada ya tuta. Mlio wake ni mzito, dup, mara nyingi tairi linapodondoka. Lakini mara kadhaa shokapu ni nzima na mgongaji ni mauntingi ya juu, ile raba yenye beringi iliyo chini ya boneti. Mtu akate usukani kushoto na kulia gari likiwa chini, wewe weka kiganja juu ya mauntingi. Ukihisi inaruka, au springi inalia tiing na kujirudisha, mauntingi au beringi yake imekwisha. Vidole viwe mbali na mapindo ya springi.

Angalia pia nati ya katikati ya shokapu pale juu. Mahali shokapu zimebadilishwa karibuni na kelele ikaanza siku ileile, nati hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa. Ya pili ni bolti mbili kubwa za chini.

Kutoa springi kwenye shokapu si kazi ya uani. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Kama huna vibanio vyake madhubuti, toa shokapu nzima kama ilivyo na uipeleke gereji yenye vifaa. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, za mhimili mmoja.

Bushi za wishboni, na kosa moja la kuangalia

Gari linalogonga mara moja ukikanyaga breki na mara moja ukiondoka, tena usukani unavuta kidogo, mara nyingi ni bushi za wishboni. Mwenzako akiendesha hatua mbili mbele, breki, hatua mbili nyuma, breki, wewe simama kando, mbali na njia ya gari, utaona tairi linasogea mbele na nyuma ndani ya upinde wa bodi.

Bushi mpya ikishaingizwa, bolti zake zisikazwe mwisho tairi likiwa linaning'inia. Raba ya bushi imeshikana na chuma cha ndani. Ukikaza hewani, gari likishuka chini raba inabaki imesokotwa muda wote, na baada ya miezi michache inakatika upya, ukailaumu spea. Shikiza bolti kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara chache, ndipo ukaze kabisa. Simama pale fundi anapofanya hatua hii. Muombe kwa heshima, "fundi, tukaze likiwa chini," naye akiwa mtu wa kazi yake hatakasirika.

Mengine kwa ufupi

Kugonga mara moja unapohamisha gia kati ya D na R: mauntingi za injini na giaboksi. Shika breki barabara, mwenzako asimame ubavuni, kamwe asiwe mbele. Injini ikinyanyuka sana unapoingiza gia, raba imekatika. Kwa Prado ongeza krosi za propela shafti, yaani viungo vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye matairi: gari likiwa salama kwenye stendi na injini imezimwa, zungusha shafti kwa mkono uone kama krosi inacheza, na kama zina chuchu za grisi, zipigwe grisi.

Kugonga unakokuhisi mikononi kwenye usukani wakati kila kitu chini kimetulia: ile shafti fupi yenye krosi inayoteremka kutoka usukani kwenda kwenye raki. Mtu atikise usukani nawe uishike shafti kwa mkono.

Breki: pini za kalipa zisafishwe, zipakwe grisi ya joto kali, na vile vibati vidogo vya kushikilia pedi virudishwe. Vibati hivyo hutupwa ovyo wakati wa kubadili pedi, na kelele huanza hapo.

Ekzosi: ikiwa baridi, itikise kwa mkono. Raba ya kuning'inizia ikikatika, bomba linapiga chini ya bodi na unaapa ni shokapu ya nyuma.

Kununua spea

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, na namba ya chesisi kwenye simu. Harrier za miaka tofauti zinafanana kwa sura, linki zake hazifanani. Boljointi, tairodi na linki usinunue za mtumba hata ziwe zimetoka Japani jana; ni vitu vinavyolika, na huwezi kujua zimebaki na umri gani. Wishboni ya mtumba yenye chuma kilichonyooka inafaa, ila weka bushi na boljointi mpya. Spea mpya izungushe kwa mkono pale kaunta: iwe nzito, isiwe na uchezaji, raba isiwe na mpasuko, na kwa zile zinazofungwa kwa pini, pini ya kufungia nati iwepo ndani ya boksi.

Baada ya kufunga

Rudi kwenye mzunguko uleule, vishimo vilevile, mwendo uleule, mwenzako kiti kilekile. Kelele ikibaki ndogo kuliko mwanzo, kulikuwa na wagongaji wawili; anza tena kwenye tairi hewani. Ukiwa umegusa tairodi, raki endi, wishboni au bolti za chini za shokapu, gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa matairi, kabla ya safari yoyote ndefu, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Nati za matairi zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa aliyetengeneza ili apande Dar, asimame Segera ageuze spana kwenye matairi yote aliyoyafungua, gari likiwa tambarare na limezimwa, kisha aingie chini na tochi atazame nati za linki alizofunga kama zimekaa mahali pake.